Koti la Mvua Likianza Kulowa: Jinsi ya Kulirudishia Uwezo wa Kuzuia Maji Nyumbani

Koti la mvua halishindwi siku moja. Kwanza matone yanaacha kuteleza mabegani. Kisha kitambaa kinaanza kufanya mabaka meusi mvua ikipiga, hasa kwenye viwiko na pale mikanda ya begi inapokaa. Mwishowe mvaaji anavua koti, anakuta shati limelowa, na hukumu inatolewa: linavuja. Mara nyingi halivuji. Limechafuka, au dawa ya juu ya kitambaa imechoka, na yale maji ya ndani ni jasho lililokosa pa kutokea. Kabla ya kununua chupa yoyote, jua kwanza ni kipi kilichoshindwa, kwa sababu dawa ya kupulizia haizibi tundu, wala gundi haiondoi uchafu.

Tabaka mbili, kazi mbili

Nje ya koti kuna kitambaa cha nailoni au poliesta. Nyuzi zake zimepakwa dawa isiyoonekana, ambayo kwenye lebo huandikwa kwa herufi DWR. Kazi yake ni kuyafanya maji yajikusanye kuwa matone na kuporomoka badala ya kusambaa. Nyuma ya kitambaa hicho ndipo kilipo kizuizi chenyewe. Kwenye makoti ya bei kubwa ni utando mwembamba uliobandikwa, kama ule wa Gore-Tex, unaozuia maji lakini unapitisha mvuke wa jasho. Kwenye makoti ya kawaida, mahema na mabegi, ni mpako wa poliurethani uliopakwa upande wa ndani kama rangi inavyopakwa ukutani.

Dawa ya juu ikiisha, kizuizi bado kipo na mvua haipiti. Ila kitambaa cha nje sasa kinafyonza maji kama tambara. Kinakuwa kizito, kinapoa, na maji yaliyomo ndani yake yanaufungia mvuke njia. Jasho likikutana na ukuta wa baridi linarudi kuwa maji na kushuka mikononi. Anayelivaa hawezi kutofautisha na kuvuja. Majaribio yafuatayo yanaweza.

Anza na matone. Tandaza koti likiwa kavu, lirashie maji kwa vidole, subiri dakika 2, kisha likung'ute. Maji yakiruka yote na kitambaa kikabaki na rangi yake, dawa iko hai. Matone yakiwa bapa na yaking'ang'ania, dawa imechoka au imefunikwa na mafuta ya mwili. Kitambaa kikigeuka cheusi na chepechepe, mahali hapo dawa imekwisha.

Jaribio la pili ni la kizuizi. Kunja sehemu ya koti iwe kama bakuli, upande wa nje ukitazama juu, mimina maji yenye kina cha sentimita 3 hivi, na chini yake weka karatasi ya shashi iliyo kavu. Subiri dakika 10. Shashi ikibaki kavu, kizuizi ni kizima na kazi yako itakuwa ya kufua na kuirudisha dawa ya juu tu. Ikilowa kwa nukta nukta, kuna matundu ya kuziba. Ikilowa kote, kizuizi kimechakaa, na hakuna dawa ya juu itakayokiokoa. Koti lenye bitana inayoning'inia halitoi jibu safi kwa njia hii, kwa kuwa bitana inakaa kati ya kizuizi na shashi. Hapo ingiza mkono kupitia mfukoni au kwenye upindo na upapase nyuma ya kitambaa chenyewe.

Mwisho geuza koti ndani nje na ufuate mishono yote kwa macho. Utepe ulioziba mishono unatakiwa ulale bapa. Ukiona umebanduka, umekunjamana au umegeuka mweupe na mkavu, hapo maji yana mlango.

Kufua, ambako watu wengi wanakosea

Kuna imani kwamba koti la mvua halifuliwi, eti kufua kunaondoa dawa. Kinachoiua dawa ni uchafu: mafuta ya shingoni, jasho, moshi, mafuta ya kujikinga na jua, dawa ya mbu. Vyote hivyo vinalala juu ya nyuzi na kuyapa maji mahali pa kushika. Dawa za kisasa zisizo na florini ndizo dhaifu zaidi hapa, maana zinafukuza maji lakini hazifukuzi mafuta. Koti lenye dawa ya aina hiyo linataka kufuliwa mara nyingi zaidi kuliko yale ya zamani.

Sabuni nayo ni nusu ya kazi. Sabuni ya unga imeundwa ili maji yapenye kwenye kitambaa, na mabaki yake yanaendelea na kazi hiyo hiyo mvua inaponyesha. Kilainishi cha nguo ni kibaya kuliko sabuni, kwa sababu kimetengenezwa kibaki kwenye nyuzi. Dawa ya kung'arisha usiisogeze karibu. Tumia sabuni maalumu ya nguo za mvua. Nikwax na Grangers ni majina mawili yanayojulikana sana. Ukiikosa, sabuni ya maji isiyo na manukato wala kilainishi inafaa, kwa kiasi kidogo na kwa kusuuza mara mbili ya kawaida.

1. Toa kila kitu mifukoni. Funga zipu zote pamoja na za makwapani, bana vibandio vya mikononi, legeza kamba za kofia na za kiunoni.

2. Toa droo ya sabuni ya mashine na uioshe kwa maji ya moto. Ute wa kilainishi uliokaa humo unatosha kuharibu kazi nzima. Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu.

3. Paka sabuni bila kuichanganya na maji kwenye kola, ukingo wa kofia na vikomo vya mikono. Sugua taratibu kwa brashi laini, uache kwa dakika 10.

4. Fua kwa mzunguko mpole, joto la nyuzi 30 au 40 kama lebo inavyosema, makoti yasizidi mawili. Kiasi cha sabuni maalumu kwa kawaida ni mililita 100 hadi 150, lakini chupa yako ndiyo yenye neno la mwisho. Kwa mkono, tumia beseni lenye lita 10 za maji ya vuguvugu na mililita 50 za sabuni, ukibonyeza na kugeuza kwa dakika 10.

5. Suuza mara 2, ikibidi 3, mpaka maji yasitoe povu hata ukiyapiga.

6. Kamua kwa kasi ndogo kabisa. Kitambaa kisichopitisha maji kinaweza kuyafungia maji ndani kama mfuko, na mashine ikizunguka kwa kasi mzigo unaegemea upande mmoja hadi mashine inaruka. Kwa mkono, usisokote. Kusokota kunabandua utando na utepe wa mishono. Litundike lichuruzike lenyewe.

Joto kabla ya dawa

Koti safi linaweza kupimwa na kuonekana bado limekufa. Molekuli za dawa ni kama nywele fupi zinazotakiwa kusimama wima juu ya uzi. Matumizi na kufua vinazilaza. Joto linazisimamisha tena.

Kwenye mashine ya kukaushia, kausha koti kwa joto la wastani, na likishakauka liendelee kuzunguka dakika 20 zaidi. Bila mashine, tumia pasi kwenye joto la chini, lile la nukta moja, ambalo ni takriban nyuzi 110, bila mvuke. Weka kitambaa cha pamba kati ya pasi na koti, na usiisimamishe pasi mahali pamoja. Epuka zipu za plastiki na maandishi yaliyobandikwa. Lakini kwanza soma lebo: alama ya pasi yenye msalaba ina maana ile ile hata kama una haraka. Kuanika juani si mbadala. Jua halifikishi joto linalohitajika, na miale yake inachosha nailoni.

Sasa rudia jaribio la matone. Maji yakiruka, kazi imekwisha na chupa ya dawa mpya ibaki dukani. Hali hii hutokea mara nyingi kuliko wauzaji wa dawa wangependa.

Kuweka dawa mpya

Maji yakiendelea kusambaa kwenye kitambaa safi kilichopata joto, dawa imekwisha kweli. Kuna dawa za kuchanganya na maji ya kufulia na kuna za kupulizia. Ya kufulia inaenea sawasawa na inafika kwenye kila mshono, lakini inaingia ndani pia, na bitana ya kufyonza jasho haitaki dawa inayofukuza maji. Kwa hiyo: koti la ganda tupu lisilo na bitana, suruali ya mvua, glavu, tumia ya kufulia. Koti lenye bitana ya kitambaa laini ndani, au lenye pamba ya joto, tumia ya kupulizia. Ya kupulizia ina faida nyingine, kwamba unaiongeza pale palipochakaa zaidi: mabegani, kwenye viwiko, mapajani.

Kwa dawa ya kupulizia, koti liwe limefuliwa na bado lina unyevu, isipokuwa chupa iseme vinginevyo. Litundike nje kwenye hewa, zipu zikiwa zimefungwa. Pulizia ukiwa sentimita 15 mbali, kuanzia mabegani kushuka chini, ukipishanisha mistari. Inua mikono upulizie makwapani, geuza kola, fungua vifuniko vya mifuko. Subiri dakika 2 au 3, kisha pitisha tambara lenye unyevu kufuta matone ya ziada. Ukiyaacha yanakauka na kuwa madoa meupe. Malizia na joto kama hapo juu ikiwa chupa inataka hivyo. Zipo dawa zinazokauka hewani tu, na zipo ambazo bila joto hazishiki kabisa.

Usipulizie ndani ya chumba kilichofungwa, hata mara moja. Ukungu wa dawa za kuzuia maji, hasa unaotoka kwenye makopo ya gesi, umewahi kuwapeleka watu hospitali kwa madhara ya mapafu. Chupa ya kubonyeza ni salama kuliko kopo, lakini nayo ni ya nje.

Matokeo mabaya yana sababu chache. Mabaka yanayolowa huku pengine pakiwa pazuri ni uchafu uliobaki, rudia kufua. Ngozi nyeupe juu ya kitambaa ni dawa nyingi kupita kiasi. Ifute kwa tambara la maji ya vuguvugu. Dawa iliyodumu mvua moja tu iliwekwa juu ya mabaki ya sabuni, na hapo lawama ni ya kusuuza.

Mishono na matundu

Utepe uliobanduka kidogo na gundi yake ikiwa bado ina uhai unaweza kurudi kwa pasi: safisha kwa spiriti, acha ikauke, weka kitambaa cha pamba juu, bonyeza kwa joto la chini sekunde 5, uache upoe ukiwa umeubana kwa kitu kizito. Utepe uliokauka na kupasuka haurudi. Uvute wote, safisha gundi ya zamani kwa spiriti, kisha paka gundi ya poliurethani ya mishono kwa brashi ndogo, upana wa sentimita 1, tabaka jembamba linaloingia kwenye matundu ya sindano. Acha usiku kucha. Gundi hii inabaki na unato kidogo hata ikikauka. Paka unga wa talki ili koti lisijishike likikunjwa.

Tundu dogo kama la cheche ya moto linazibwa na tone moja la gundi hiyo hiyo upande wa ndani. Mpasuko unataka kiraka. Kata kiraka cha kunata kizidi mpasuko kwa sentimita 1.5 kila upande na uviringe pembe zake, kwani pembe kali ndiyo inayoanza kuinuka. Safisha kwa spiriti, bandika, sugua kwa mgongo wa kijiko. Usifue kabla ya saa 24. Usishone kwanza ndipo ubandike: kila tundu la sindano ni tundu jipya.

Mpako unaonata, kubanduka na kunuka

Toa hema lililokaa miaka mitatu stoo, na ndani yake linanata na linanuka kama matapishi. Hiyo si ukungu. Ni poliurethani iliyovunjwavunjwa na unyevu na joto, na kuifua hakuiponyi. Koti likifikia hapo, au likianza kumwaga magamba meupe ndani, liache. Kulipaka upya ni kazi kubwa kwa matokeo ya kubahatisha, na uwezo wa kupitisha mvuke hautarudi.

Hema au turubai ni habari nyingine, kwa sababu si lazima vipumue. Loweka kitambaa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kitandaze mahali pagumu na ukisugue kwa upande mkali wa sifongo mpaka magamba yote yatoke. Palipobaki unato, pafute kwa tambara lenye spiriti. Kazi hii inachosha mkono, na ni hapa watu wanapokata tamaa na kupaka juu ya magamba, kisha mpako mpya unabanduka pamoja na wa zamani. Kitambaa kikishakuwa safi na kavu kabisa, paka mpako wa poliurethani wa kuuzwa kwa chupa, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito, uache ukauke saa 24 kabla ya kukunja.

Jua hema lako ni la silikoni au la poliurethani

Kosa hili linaharibu pesa nyingi: poliurethani haishiki juu ya silikoni. Hema lililopakwa silikoni pande zote mbili linateleza mkononi, maji yanaviringika nje na ndani, na mishono yake haina utepe wa kiwandani kwa kuwa utepe haunati. La poliurethani lina upande wa ndani wenye mng'ao, na mara nyingi lina utepe. Yapo ya mchanganyiko, silikoni nje na poliurethani ndani. Kila upande unataka dawa yake.

Kwa mishono ya hema la silikoni, chukua silikoni halisi ya mrija, isiyo na akriliki, uchanganye sehemu 1 na sehemu 3 za spiriti nyeupe ya kuyeyushia rangi. Koroga mpaka iwe kama maziwa mazito na upake kwa brashi nje ya mshono, hema likiwa limesimamishwa na kukazwa ili matundu ya uzi yawe wazi. Kupaka upya kitambaa chote kunataka mchanganyiko mwepesi zaidi, takriban sehemu 1 kwa 10, ukifuta ziada kwa tambara. Spiriti hiyo inashika moto: fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara.

Hema lolote lisiingie kwenye mashine ya kufulia. Sifongo, maji baridi, sabuni maalumu, kisha kuanika kivulini.

Pamba yenye nta

Koti la pamba lililotiwa nta lina sheria zinazokwenda kinyume na zote zilizotangulia. Halifuliwi kwa sabuni wala kwa maji ya moto, maana nta itatoka na hairudi sawa. Lifute kwa sifongo na maji baridi, likauke.

Chukua nta ya kupaka nguo na uweke kopo lake ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka ilainike. Usiyeyushe nta moja kwa moja juu ya moto, inawaka. Paka kwa tambara, kidogo kidogo, ukikandamiza kwenye mishono na mikunjo ambako nta huisha kwanza. Kisha puliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka nta inywewe na kitambaa kionekane kimoja, bila michirizi. Futa ziada, litundike usiku kucha mahali penye joto, mbali na nguo nyingine. Kwa siku kadhaa za kwanza litaacha alama kwenye viti.

Turubai la pamba tupu lina njia ya zamani isiyohitaji dawa ya dukani, ya sabuni na shabu. Yeyusha gramu 60 za sabuni ya kipande kwa kila lita ya maji ya moto, loweka turubai, likauke. Kisha loweka kwenye maji yenye gramu 60 za shabu kwa lita. Viwili hivyo vinakutana ndani ya nyuzi na kuwa sabuni ya alumini isiyoyeyuka kwenye maji. Lazima iwe sabuni halisi. Sabuni ya unga ya kufulia haina kinachotakiwa. Turubai litakuwa gumu kidogo, na njia hii haifai kwa nailoni.

Vilivyobaki

Begi la mgongoni halistahili jasho hili. Mishono yake kwa kawaida haijazibwa, na dawa juu ya kitambaa haitazuia maji kuingia kwenye zipu. Tia mfuko mzito wa plastiki ndani yake, upakie vitu humo, kisha usokote mdomo.

Viatu vya ngozi: toa kamba, osha tope, paka nta ya viatu ngozi ikiwa na unyevu kidogo kama chupa inaruhusu, ukikazia pale ngozi inapokutana na soli. Vikaushe kwa kujaza magazeti, ukiyabadilisha yakilowa. Ngozi iliyokaushwa kando ya moto inapasuka, na hakuna nta inayofunga ufa huo.

Zipu za kuzuia maji hazivumilii mafuta. Zioshe kwa mswaki na maji, sugua kipande cha nta ya parafini kwenye meno yake, ufungue na kufunga mara kumi. Na kila kitu kiwekwe kikiwa kikavu kabisa na kimetundikwa au kimelegezwa. Hema lisikae miezi ndani ya mfuko wake mdogo wa kubana, hasa kama lilikunjwa likiwa na unyevu wa asubuhi ya kuondoka.